Leo Tumfanyie Nini?

Huku kwenye machimbo ya dhahabu, mtoto akichelewa kuketi, swali la kwanza huwa ni nani. Nani kamtupia jicho? Nani aliona wivu mama yake alipojifungua pacha? Baba yake alichukua dawa gani ya mganga kabla ya kushuka duarani, yaani kwenye shimo la mgodi, na dawa hiyo imedai nini? Aliyewahi kuishi Nyarugusu, Katoro au Kakola atayatambua maswali haya. Yanaulizwa msibani, kisimani, hata kwenye foleni ya kliniki, na wanaoyauliza ni watu wanaokupenda.

Nimeishi nayo tangu mwanangu Doto akiwa mchanga. Kulwa, pacha wake, alitangulia kutoka, salama, akalia. Doto alikawia. Alipotoka alikuwa amelegea, na mkunga alimhangaikia kwa muda kabla hatujasikia sauti yake. Pacha wa pili huwa na hatari kubwa zaidi ya kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na ubongo uliokosa hewa huumia. Haya nilielezwa baadaye, wakati Kulwa ameshaketi mkekani anagombania kijiko na ndugu yake bado anahitaji kushikwa shingo. Wataalamu waliita hali yake mtindio wa ubongo. Majirani waliiita jambo lenye mwenyewe, na mwenyewe akatakiwa atafutwe.

Siwalaumu. Kuuliza nani ni namna ya watu kukataa kukuacha peke yako na uchungu wako. Lakini nimeona swali hilo linavyokula. Linakula mbuzi, linakula fedha za pamba, linakula amani kati ya mke na mawifi. Zaidi ya yote linakula miezi ya mtoto, kwa sababu watu wazima wanapozunguka kumtafuta mwenye kosa, mtoto amelala chali chumbani anaangalia bati. Na sisi wa Shinyanga tunajua linakofika likiachwa liende hadi mwisho. Vikongwe wa Usukumani wameuawa kwa kuwa macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Watoto wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao, kwa ahadi za utajiri, mpaka shule ya Buhangija pale mjini Shinyanga ikageuka kimbilio, wazazi wakiwaacha wanao pale ili wabaki hai.

Swali jingine nililipata katika hospitali ya Bugando, Mwanza. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado halijafunguliwa (lilifunguliwa mwaka 2025), kwa hiyo safari ya kutoka Geita ilikuwa ya kusubiri kivuko, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi. Mtaalamu wa mazoezi tiba alimpokea Doto, akamgeuza huku na huku, akanisikiliza nilivyomweleza yote yaliyosemwa nyumbani. Kisha akasema, "Mama, aliyemfanya tumwache. Leo tumfanyie nini?" Akaendelea: "Mimi nitamshika nusu saa, halafu mtavuka maji mrudi kwenu. Wewe unamwogesha kila siku. Unamlisha, unambeba, unamlaza. Kati yangu na wewe, nani mwenye tiba? Hebu nionyeshe unavyombeba."

Nilikuwa nambeba mikononi kama mtoto wa siku chache, miguu yake imekaza na kupishana. Akaichukua kanga yangu akanifunga mbeleko ya siku zote, ila mapaja ya Doto yametanuliwa vizuri yakinizunguka kiuno, na kichwa kiko juu vya kutosha achungulie begani kwangu. Mbeleko niliyobebewa mimi na mama yangu ilikuwa inatanua nyonga zinazotaka kujifunga, na inaipa shingo yake kazi kila ninapokwenda kuchota maji. Sikuongezewa hata saa moja ya kazi. Kazi niliyokuwa nayo ilibadilishwa mkao.

Vitabuni mambo haya huitwa afua za mapema, na mtu akisikia neno hilo hudhani ni chumba chenye vifaa mjini Dar es Salaam. Vyumba hivyo vinahitajika, na ningependa kila hospitali ya mkoa iwe nacho. Lakini ubongo wa mtoto hauingojei miadi. Mtoto akifika miaka 2, ubongo wake umeshafikia kama asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Miaka hiyo yote anaimaliza mikononi mwa mama, bibi, dada na msichana wa kazi. Shule ya awali inampokea akiwa na miaka 5. Nami ni mwalimu wa shule ya msingi, na nimewapokea watoto ambao hawajawahi kupewa kikombe wakishike wenyewe, kwa sababu kila mtu nyumbani aliwahurumia.

Kulisha ndiko kulikonitia hofu kuliko yote. Mazoea ni kumlaza mtoto mapajani na kumnywesha uji kwa kiganja. Mtoto ambaye misuli ya koo haimtii, akinyweshwa amelala, uji huweza kuingia njia ya hewa na nimonia ikafuata. Doto alihitaji kuketishwa wima, kichwa kikiinama mbele kidogo na kidevu kikielekea kifuani. Uji uwe mzito kiasi, kijiko kiwe kidogo, na kijiko cha pili kisije kabla hajameza cha kwanza. Bakuli moja lilichukua muda mrefu hata uji ukapoa. Muda huo nikaufanya wa mazungumzo. Nilimtajia kijiko, nilimtajia moto, nilimtajia kuku aliyeingia mlangoni, nikamwacha amfuate kwa macho. Wakati wa kuoga nilitaja mkono, goti, kisigino, nikikisugua kila kimoja. Ngumi yake iliyokazana nilifundishwa nisiifungue kwa kuvuta kidole gumba. Ukipapasa mgongo wa mkono, taratibu, vidole vinajiachia.

Kuketi alifundishwa Kishapu, kwa mama yangu. Tulikwenda kukaa kwake baada ya mavuno, na nilimkuta asubuhi moja anachimba kishimo kwenye mchanga wa uani. Akatandika kitenge, akamtumbukiza Doto mpaka kiunoni, mikono yake ikiegemea ukingo mbele, akamwekea mabua ya mtama ya kuchezea. Nikamuuliza kama hayo ndiyo mazoezi. "Mayu," akaniambia, "mtoto hajui mazoezi. Anajua yuko uani na watu." Kwa mara ya kwanza Doto aliiona dunia akiwa wima bila mkono wa mtu kumshika. Mbwa alipita. Watoto walipita wakikimbizana. Alicheka mpaka akaegemea upande, bibi akamnyoosha, akacheka tena.

Baadaye nilisoma kwamba miaka ya 1970 mtafiti Mmarekani, Charles Super, alifanya utafiti katika kijiji cha Kokwet nchini Kenya, kwa Wakipsigis, akawakuta akina mama wakifanya jambo hilohilo: kishimo maalumu cha kumketishia mtoto. Watoto wa Kokwet waliketi mapema kuliko watoto wa Marekani, kwa kama mwezi mzima. Lakini katika yale ambayo hakuna aliyewafundisha, hawakuwa mbele hivyo. Wazungu walikuwa wakiandika kwamba mtoto wa Kiafrika huwahi kwa damu yake. Super alionyesha kwamba anawahi kwa sababu anafundishwa, kila siku, na watu wasiojiita walimu. Nimelifikiria jambo hili sana. Ikiwa kishimo cha uani kinaweza kumpa mwezi mtoto asiye na tatizo lolote, basi mtoto mwenye tatizo anakihitaji mara mbili zaidi.

Kuwa na pacha kulinipa mtihani ambao akina mama wengi wenye mtoto kama wangu hawaupati ndani ya nyumba moja. Kulwa alikuwa kipimo kinachotembea. Kila alilofanya lilinionyesha Doto asilofanya. Ndipo nikaanza daftari. Humo sikuandika jina la Kulwa hata mara moja. Niliandika: leo amefuata kuku kwa macho mpaka mlangoni. Leo mkono wa kushoto umekwenda kwenye kijiko. Leo amegeuka baba yake alipoita kutoka nyuma. Mwanzoni mistari ilikuwa michache na nilihisi najidanganya. Baada ya muda niligundua kwamba macho yangu ndiyo yaliyokuwa yakijifunza. Mtoto alikuwa akijaribu tangu zamani, na majaribio yake yalikuwa madogo kuliko nilivyozoea kutazama.

Hii haina maana mzazi asitazame umri. Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likachapisha vipindi vya hatua zao. Mtoto mwenye afya njema huketi bila kushikwa wakati wowote kati ya karibu miezi 4 na zaidi kidogo ya miezi 9, na hutembea peke yake kati ya miezi 8 na karibu 18. Nafasi ni pana, kwa hiyo mama wa mtoto wa miezi 7 asiyeketi asikoseshwe usingizi na shangazi. Lakini nafasi hiyo ina mwisho. Aliyepita miezi 9 bila kuketi aonwe. Vilevile asiyeshtuka kwa kelele, asiyefuata uso wa mama kwa macho, anayetumia mkono mmoja tu huku mwingine umekunjwa, au aliyekuwa ameanza maneno kisha akayaacha. "Atakuja tu, hata mjomba wake alichelewa" ni faraja nzuri, na isizuie safari ya zahanati.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kusubiri. Doto hakuwa na maneno, na nyumba nzima ilimsemea. Mtaalamu akanipa jambo dogo: mshikie vitu viwili, chungwa mkono huu na kikombe mkono huu, muulize anataka kipi, kisha unyamaze. Kunyamaza mbele ya mtoto anayehangaika kunaumiza. Kulwa hakuweza; alijibu kabla ya ndugu yake, "Anataka chungwa!" Ikabidi naye afundishwe. Siku macho ya Doto yalipokwenda kwenye kikombe, yakarudi kwangu, yakaenda tena kwenye kikombe, nilijua amesema. Tangu hapo sijakubali mtu aseme mbele yake kwamba huyu haelewi.

Yapo maswali ya chanzo yanayostahili kuulizwa kwa nguvu zote, na hayo huanza na nini badala ya nani. Kwa Doto, namna alivyozaliwa inatosha kueleza. Lakini ninaishi jirani na mialo ya kuchenjulia dhahabu. Mawe yakishapita kwenye karasha, mashine ya kuyasaga, mchanga wake huchanganywa na zebaki ili ikamate dhahabu, kisha donge huchomwa. Zebaki inapaa kwa mvuke, dhahabu inabaki. Wengi huchomea nyumbani, kwenye jiko la chakula, kwa kuogopa wezi. Mama mjamzito anauvuta mvuke huo, nao huvuka kondo la nyuma hadi kwenye ubongo unaoumbwa. Watafiti wa chuo cha sayansi za afya cha Bugando wakiongozwa na Elias Nyanza waliwafuata wajawazito wa maeneo ya wachimbaji wadogo kaskazini mwa Tanzania kuanzia mwaka 2015, wakapima zebaki na aseniki katika miili yao, na watoto walipokuwa kati ya miezi 6 na 12 wakawapima hatua za ukuaji kwa kipimo kilichoundwa Malawi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yanaonyesha kwamba zebaki nyingi kwa mama ilikwenda pamoja na hatari kubwa ya mtoto kubaki nyuma, na aseniki ikijumlika hatari inazidi.

Japani walipita njia hii kabla yetu. Ugonjwa wa Minamata ulitambuliwa mwaka 1956, kutokana na zebaki ya kiwanda iliyoingia baharini na kwenye samaki. Walikuwepo akina mama walioonekana wazima ambao watoto wao walizaliwa na hali iliyofanana kabisa na mtindio wa ubongo. Madaktari waliamini kondo la nyuma humkinga mtoto. Akina mama ndio waliosisitiza kwamba ni ugonjwa uleule, daktari kijana Masazumi Harada akawasikiliza, na kufikia mwaka 1962 ikakubalika kwamba walikuwa wanasema kweli. Mkataba wa dunia wa kudhibiti zebaki, wa mwaka 2013, umepewa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Karatasi hiyo itakuwa na maana Geita siku ambayo hakuna donge litakalochomwa kwenye chumba anacholala mtoto.

Baba yake Doto ni mchimbaji, na ningependa kumsema vizuri kwa sababu anastahili. Nimeona wanaume wa machimbo wakiondoka mtoto wa namna hii anapozaliwa. Kuna rashi mpya mahali fulani, dhahabu mpya ya kukimbilia, na rashi haikosekani kamwe. Huyu alibaki. Alitengeneza kiti kwa mbao zilizobaki za kuegemezea duara: mgongo ulionyooka, kizuizi katikati ya miguu ili mapaja yasipishane, meza ndogo mbele, na mkanda wa kiunoni wa kitambaa laini. Alipima kwa mkono, akakata, akamketisha, akatoa, akakata tena. Asiye na mbao atumie maboksi. Zimbabwe, mwalimu aitwaye Bevill Packer alibuni ufundi wa kuunda viti vya watoto kama hawa kwa maboksi na karatasi chakavu zilizogandishwa kwa uji wa unga, na viti hivyo hubeba mtoto kwa miaka. Kabla ya kiti hata beseni linatosha, mtoto akiwa amezungushiwa kanga zilizokunjwa.

Kiti hicho kilimtoa Doto chumbani. Jioni kiliwekwa barazani, wanaume wakija kuongea habari za mwamba na maji yaliyojaa shimoni, naye yupo. Walianza kumsalimia. Mmoja aliyekuwa akiuliza nani kwa sauti kubwa kuliko wote ndiye aliyemfungia chupa ya plastiki yenye punje za mahindi, akaibana kifuniko vizuri, akamfundisha kuitikisa. Hakuna mjadala niliowahi kuushinda na mzee yule. Kiti kiliushinda.

Kwa hiyo ninapofikiria kinachohitajika katika mikoa yetu miwili, Shinyanga nilikotoka na Geita ninakoishi, namfikiria kwanza mtu wa kugonga hodi. Huko Kingston, Jamaika, mwaka 1986 Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachukua watoto 129 waliodumaa. Baadhi yao walitembelewa nyumbani kila wiki kwa miaka miwili na wahudumu wa afya wa jamii, wakaonyeshwa pamoja na mama zao namna ya kucheza kwa vitu vya kujitengenezea. Miaka 20 baadaye waliotembelewa walikuwa wanapata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao wasiotembelewa. Waliowatembelea hawakuwa mabingwa wa ubongo, walikuwa wahudumu wa kawaida wa jamii. Tanzania yenye udumavu wa asilimia 30 kwa watoto wa chini ya miaka mitano, kwa takwimu za 2022, haina sababu ya kulidharau somo hilo.

Desemba 2021 ilizinduliwa programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, kwa ajili ya watoto tangu kuzaliwa mpaka miaka 8. Tunao wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Naomba wafundishwe mambo manne tu kwa mtoto anayechelewa: namna ya kumbeba, namna ya kumlisha akiwa wima, namna ya kumketisha kwa vitu vilivyomo nyumbani, na namna ya kuzungumza naye na kumsubiri ajibu. Na pale ambapo mtoto huyo ana kifafa pia, wajue kumwambia mama yake kwamba dawa hunywewa kila siku, hata mwezi ambao hakuna degedege. Mambo haya hayahitaji umeme. Mama wa Kakola asilazimike kuvuka Ziwa ili kuambiwa kwamba mbeleko yake ni tiba.

Doto sasa anaketi mwenyewe, anasogea kwa makalio, anakula kwa kijiko akichafua nusu ya meza, na ana maneno machache ambayo nyumba nzima inayaelewa. Hatembei. Huenda atatembea kwa kuegemea kitu, huenda hatatembea, nami nimeacha kumpangia ratiba. Anamjua kila mtu anayepita mbele ya baraza yetu.

Ewe baba unayesoma haya na una zebaki ndani, itoe leo, na uchomaji ufanyike mbali na watu, kwenye chombo kilichofungwa. Ewe mama ambaye mtoto wako amepita miezi 9 hajaketi, nenda zahanati wiki hii, na usiku wa leo mlishe akiwa wima. Na wewe uliye na jirani mwenye mtoto kama Doto, ukifika kwake usimuulize nani. Nawa mikono, chukua bakuli na kijiko, umlishe wewe, mama yake apate kulala kidogo.